Loki ilikuwa yetu!
Hivi nyie watu wa boti za mifereji, haraka ya nini wakati mwendo wenyewe mwisho ni kilomita 6 kwa saa? Pale Hatton, karibu na Warwick, Uingereza, mfereji wa Grand Union unapanda kilima kwa loki 21, yaani vyumba vya maji vyenye milango, vinavyojazwa au kumwagwa maji ili kupandisha au kushusha boti. Sisi tunatoka chini, loki iliyo mbele ni tupu, milango ya upande wetu iko wazi kutupokea, tumebakiza hatua chache tu. Mara jamaa anayetaka kushuka, bila hata kututazama, anaegemeza makalio kwenye gogo la mlango, anausukuma, tap! Anachomeka hendeli ya kufungulia maji na kuanza kuijaza loki.

Tungetangulia sisi, maji yaleyale ya kutupandisha ndiyo yangemshusha yeye. Sasa loki inajazwa mara mbili, zaidi ya lita laki moja zimekwenda bure, halafu kiangazi mfereji ukipungua maji wao ndio wa kwanza kulalamika. Sisi tuko ukingoni na kamba mkononi, upepo unaivuta boti, mvua nayo (ya Uingereza haibishi hodi). Jamaa anapita, kikombe cha chai juu: “Asubuhi njema!” Njema kwa nani?