Kukohoa Ruksa, Makofi Marufuku

Hivi jamani, nani alipitisha sheria kwamba mtu aliyefurahi akae kimya? Mimi mtu wa Majengo, hapahapa Dodoma. Nimekua nikiwaona akina mama wa Kigogo wamebana ngoma mapajani wanapiga muheme, na pale usiposhangilia watakuuliza kama umefiwa.

Sasa shemeji yangu wa wizarani katuletea kadi za okestra ya wageni. Mke wangu akatoa kabatini sare ya harusi ya mdogo wake, mimi nikatia tai. Kadi imeandikwa saa 12 jioni, na kweli wakaanza saa 12 jioni! Huo nao ni uungwana?

Wakafungua na Simfoni ya 5, ule muziki mrefu wa okestra wa mtunzi Beethoven. Ile ta-ta-ta-taaa naipenda siku nyingi, hata simu ya jirani ilikuwa ikiita hivyo. Ila kuisikia kwenye simu ni kitu kimoja, kupigiwa na vayolini zote zile mbele ya macho yako ni kingine. Vinyweleo vilinisimama. Sehemu ya kwanza ikaisha kwa kishindo, nikapiga makofi. Peke yangu! Ukumbi mzima ukanigeukia. Kijana mmoja pembeni, suti yake kama waziri, akaninong'oneza: "Shikamoo mzee. Bado. Ziko sehemu 4, makofi ni mwisho."

Haya. Sasa wao, katika nafasi hiyo ya kimya, wanafanya nini? Wanakohoa! Kuanzia viti vya mbele mpaka mlangoni, maana na upepo huu wa Juni na vumbi letu, nani hapa ana kifua kizima? Mtu katoka jasho kukupigia vayolini, unamlipa kikohozi.

Na wenye muziki wao wala hawakuwa hivyo. Mwalimu wetu wa kwaya anasimulia kwamba mwaka 1778 simfoni mpya ya Mozart ilipigwa Paris, watu wakalipuka kwa makofi muziki ukiwa bado unaendelea. Alinuna? Alimwandikia baba yake barua ya furaha, akamweleza kuwa baada ya onyesho alikwenda kula aisikrimu. Aisikrimu! Mimi niliambulia jicho la mke wangu.

Nikakaza mikono. Ya pili ikaisha, tukakohoa. Nikaisubiri ya tatu iishe, haikuisha! Beethoven kaiunganisha na ya nne, hata pumzi ya kukohoa hakuna. Watu vifua vimewabana, machozi yanawalenga. Na mwisho wake sasa: paa! Nikajua basi. Paa! Bado. Paa, paa! Kama mgeni anayeaga, kashika kitasa, anaanza hadithi nyingine.

Hatimaye yule wa kijiti, anayewaongoza wapigaji, akashusha mikono. Ukumbi ukasimama, vigelegele, miluzi. Kijana wa suti akaniinamia kwa adabu: "Haya mzee, sasa piga."

Sasa sitaki.