Kompyuta zipo, taarifa hazifiki

Nilijifungua kwa upasuaji katika hospitali kubwa hapa Dar es Salaam, ambako kila kipimo cha presha kiliingizwa kwenye kompyuta mbele ya macho yangu, kisha nikaruhusiwa na karatasi moja ambayo mwandiko wake hata mfamasia aliukodolea macho. Siku ya 7 nilikwenda zahanati ya mtaani kwetu. Muuguzi, mama mpole kwelikweli, aliandika jina langu kwenye mfumo wake, akasubiri, akatikisa kichwa. "Haumo, mwanangu," akasema, akatoa daftari la kaunta na kuanza upya: mimba ya ngapi, ulijifungulia wapi, ulipewa dawa gani?

Dawa gani! Mtu ambaye hajalala wiki nzima, mshono unavuta na mtoto analia mapajani, ndiye anayetarajiwa kukumbuka jina na kiwango cha dawa ya presha, ilhali presha huweza kupanda siku chache baada ya kujifungua, na kifafa cha mimba kikamkuta mzazi akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Mahudhurio ya wiki 6 za mwanzo yana maana gani iwapo anayekupima hajui ulitoka hospitali na presha ngapi?

Nilipouliza kwa nini taarifa zangu za hospitali hazionekani zahanati, niliambiwa ni siri ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni mimi, na ridhaa ningeitoa pale pale kitandani kama ningeombwa. Namba yangu ya simu, hata hivyo, ilisafiri bila kikwazo: ujumbe wa salio la deni ulinifikia siku ya 3.