Tiba ya Marekani na namba zinazotwishwa mzigo usio wao

Wanaobishania ubora wa tiba Marekani hawakosi namba mbili. Anayeuponda mfumo hutaja wastani wa umri wa kuishi: mwaka 2022 ulikuwa miaka 77.5, chini ya Japani, Ufaransa na hata jirani yao Kanada, ilhali mwaka huo afya ilimeza takriban asilimia 17 ya pato la taifa. Anayeutetea hujibu kwa saratani ya tezi dume: kiwango cha kunusurika miaka mitano, yaani sehemu ya wagonjwa walio hai miaka mitano baada ya kugundulika, kinazidi asilimia 95.

Namba zote mbili ni za kweli, lakini hazithibitishi kinachodaiwa.

Hii ya saratani ndiyo inayopotosha wengi. Chukua wanaume wawili waliozaliwa mwaka mmoja, ugonjwa wao mmoja, na wote watafariki wakiwa na miaka 72. Wa kwanza alipimwa damu mapema, akaambiwa ana saratani akiwa na miaka 62. Wa pili alikwenda hospitali akiwa na 68, mifupa ikimuuma. Kwenye takwimu wa kwanza amevuka miaka mitano, wa pili hakufika. Kumbe wamezikwa mwaka uleule! Kipimo kilimwongezea yule wa kwanza miaka ya kujua, si ya kuishi. Sisemi upimaji hauna faida. Kwa saratani ya mlango wa kizazi umeokoa wengi mno. Ila ukitaka kulinganisha nchi, tazama vifo kwa kila watu 100,000.

Umri wa kuishi nao unabeba risasi, ajali za barabarani na dawa za kulevya, ambazo mwaka 2022 ziliua zaidi ya watu 100,000. Hayo si makosa ya daktari wa upasuaji. Hata hivyo, mraibu aliyekosa matibabu ya uraibu wake amenyimwa na mfumo huohuo, kwa hiyo wakosoaji hawajakosea kabisa.

Linalonisumbua zaidi ni dai kwamba hakuna anayefukuzwa hospitali. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka idara za dharura zimpime kila anayefika na kumtuliza hali, awe na bima au asiwe nayo. Inaishia hapo. Mwaka 2022 watu takriban milioni 26 hawakuwa na bima. Mama mwenye uvimbe kwenye titi atapewa dawa ya maumivu, lakini tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, ya miezi kadhaa haihesabiwi kuwa dharura. Anarudi nyumbani na karatasi ya rufaa mkononi, na bili inamfuata kwa posta.