Mkungu haurudi mlimani

Kuna siku nilimsindikiza mama mkubwa kushuka Morogoro mjini na ndizi. Tulitoka saa tisa usiku, yeye na mkungu kichwani juu ya kata ya kanga kuukuu, mimi na kikapu cha maharage na tochi ya simu. Njia zetu za Uluguru hata uzijue vipi kiangazi, masika zinakugeuka: udongo unateleza kama mlenda na pembeni ni korongo. Kulipambazuka ndiyo tunafika barabarani. Hajautua mzigo, kijana mmoja akaushika mkungu, akaugeuzageuza, akataja bei.

Mama mkubwa akacheka. "Mwanangu, hiyo si hata chumvi na sabuni."

Kijana wala hakubishana. Akaenda kukaa kwenye pikipiki yake, akangoja.

Alijua mkungu haurudi mlimani.

Ndiyo maana naudhika nikisikia watu wa milimani hawajui biashara, wanauza bei ya kutupa. Bei tunaijua, simu zipo. Tunachokosa ni ubavu wa kusema "siuzi". Mwenye barabara mlangoni anarudisha mzigo ndani, kesho atakuja mwingine. Wewe uliyeshuka mwendo wa saa tatu na mzigo kichwani, utasema siuzi kwa miguu ipi?

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, nayo inaponea hapohapo. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini gunia la viazi bado linavishwa kilemba na kushonwa kwa kamba. Mkulima anaona kabisa ndoo zake zikienda bure, ananyamaza, maana gari ni hilo moja na dereva keshapiga honi.

Kwenye kununua ni yaleyale. Juu kule mche wa sabuni unakatwa vipande, mafuta ya kula yanapimwa kwenye vifuko vya kufunga fundo, na ukijumlisha vipande unakuta umemlipa mchukuzi pia. Simlaumu mwenye duka; naye kapandisha kwa vichwa vya watu. Ya wagonjwa nisiyaseme sana: miti miwili, blanketi, vijana wanne wa kupokezana, na kuomba mvua isinyeshe.

Maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa hadi Dar es Salaam, mengi yanatoka kwenye milima hii. Yenyewe hushuka bila nauli.

Sidai lami hadi kileleni. Msitu ule ni hifadhi, na barabara ikifika, misumeno itafuata. Nadai banda moja pale chini njia inapoishia: paa, sakafu kavu, mzani wa haki, na ufunguo ukae kwa wanakijiji wenyewe. Ndizi ikilala humo hata siku mbili, yule kijana wa pikipiki atalazimika kuongea.

Siku ile mama mkubwa aliuza saa nne asubuhi, kwa bei ileile. Akaikunjua kata, akajifunga kanga kiunoni, akanunua chumvi na nusu mche wa sabuni, tukaanza kupanda.