Kipimo cha ini cha karatasi: bei tumeshaisikia, sasa tuonyesheni damu

Kila nikikutana na habari za hivi vipimo vya karatasi vinavyosoma kwa umeme vimeng'enya vya damu, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, kitu cha kwanza kutajwa ni bei, kwamba kimoja ni senti chache tu. Sawa, nafurahi, na mimi hii teknolojia naiamini kabisa, ila naona tunasifia upande ulio rahisi. Karatasi haijawahi kuwa ndo ugumu wenyewe.

Mfikirie mtu aliye kwenye dawa za TB. Isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi, zote tatu zinaweza kuumiza ini, na utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi ni kwamba kimeng'enya cha ALT, ambacho huvuja kwenye damu ini likiumia, kikipanda zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili, au zaidi ya mara 5 hata kama hajisikii chochote, dawa zinasimamishwa. Hapo uamuzi wote umekaa kwenye namba. Hakuna "ipo" au "haipo" kama kipimo cha mimba, mara 2 na mara 4 ni maisha mawili tofauti. Na pale ambapo maabara iko mbali damu inatolewa leo, majibu yanakuja baadaye sana, na katikati hapo mtu bado anameza vidonge vinavyomla ini.

Kwa hiyo hamu ya kuwa na kitu kidogo cha kupimia palepale naielewa vizuri sana. Na kilivyotengenezwa kinapendeza jamani. Unachukua karatasi ya kuchujia, unachapa juu yake mistari ya nta, unaipasha moto, nta inayeyuka na kuzama mpaka upande wa pili, inakuwa ukuta ambao maji hayapiti, kinachobaki ni kinjia chembamba ambacho majimaji yanajivuta yenyewe bila pampu wala nini. Kikundi cha George Whitesides pale Harvard ndo walifungua mlango wa vipimo vya vinjia vya karatasi mwaka 2007, wao walikuwa wanasoma rangi, halafu 2009 Dungchai, Chailapakul na Henry wakaonyesha kwamba elektrodi, yaani vile vipande vinavyopokea umeme, zinaweza kuchapwa kwenye karatasi hiyohiyo na usomaji ukawa wa umeme. Wino wa kaboni kwa elektrodi ya kazi, fedha na kloridi ya fedha kwa ile ya marejeo, ya kulinganishia, basi. Umeme mi naupenda kuliko rangi kwa sababu damu yenyewe ni nyekundu, na macho ya watu wawili chini ya taa mbili tofauti hayaoni rangi moja, wakati elektrodi haijali taa.

Sasa ugumu uko wapi? Kwenye kipimo cha sukari unapima kiasi kilichomo, kwenye kimeng'enya unapima mwendo wa kazi yake. Hapa ndo wengi wanateleza. Ni kama kuhesabu mafundi walioko kwenye jengo kwa kuangalia tofali zinapangwa kwa kasi gani: kama jua limewachosha au saruji imechelewa, hesabu yako imeharibika na mafundi ni walewale. Kwa ALT, karatasi inawekewa alanini na oksoglutareti zikiwa kavu, kimeng'enya cha mgonjwa kinazigeuza na kutoa piruveti, halafu kimeng'enya kingine tulichokiweka wenyewe, piruveti oksidesi, kinaioksidisha hiyo piruveti na kutoa haidrojeni peroksaidi, na hiyo ndo inaachia elektroni kwenye kaboni. Mkondo wa umeme ukipanda haraka, ALT ni nyingi. Lakini mwendo wa kimeng'enya unabadilika na joto, kwa makadirio ya kawaida nyuzi 10 zikiongezeka unakaribia kuwa mara mbili, na maabara nyingi zinapimia kwenye nyuzi 37. Kipande cha karatasi mezani hakina nyuzi 37, kina joto la chumba, la asubuhi au la mchana. Bila kihisi cha joto pembeni na hesabu ya kurekebisha, ile namba ni ya hali ya hewa.

Halafu damu yenyewe ni korofi. Ina piruveti yake tayari kabla hujaanza, kwa hiyo unahitaji elektrodi ya pili isiyo na alanini ili uitoe. Ina asidi ya yuriki, ina vitamini C, na kama mgonjwa kameza parasetamo nayo inaachia elektroni palepale kwenye kaboni yako na mashine haijui tofauti. Na ukimkamua mtu kidole sana chembe nyekundu zinapasuka, na ndani yake AST na LDH, vimeng'enya vingine vinavyopimwa kwa ajili ya ini, zimejaa mara nyingi kuliko kwenye plazma, yale majimaji ya damu, unapata matokeo ya ini bovu kwa mtu mzima wa afya! Ndio maana nikisoma utafiti mpya naruka mwanzo wote, naenda moja kwa moja kuangalia walipima nini, na mara nyingi nakuta ni bafa safi, majimaji ya maabara yasiyo na damu, au seramu (damu iliyoondolewa chembe) waliyoiongezea kimeng'enya wenyewe. Hiyo bado sio damu ya kidole.

Kimeng'enya kingine, G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, kinaniuma zaidi. Zaidi ya watu milioni 400 duniani wana upungufu wake, wengi hawajui, na malaria ya vivax haiondoki kwenye ini mpaka utumie primakwini au tafenokwini, dawa ambazo kwa mtu mwenye upungufu zinaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Kwa tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani 2018, mtu anatakiwa awe na zaidi ya asilimia 70 ya utendaji wa kawaida, na tena namba inasomwa kwa kila gramu ya himoglobini, yaani kile kikaratasi kipime vitu viwili kwa tone moja na vyote viwe sahihi. Wanawake wengi wanaobeba hali hii wanakaa hapo katikati, kati ya 30 na 70, ndiko hasa kosa dogo linaumiza mtu.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wanaotengeneza hivi vitu ni wachapishe kwanza matokeo ya damu nzima ya kidole, kwenye joto tofauti, kwa karatasi zilizokaa kwenye pakiti miezi 6 bila friji, yakilinganishwa na mashine ya maabara kwa wagonjwa walewale. Wakishafika hapo bei waiseme, na waiseme yote, pamoja na vimeng'enya vilivyokaushwa, kichujio cha plazma na kisomaji, maana karatasi ndo sehemu rahisi kuliko zote.