Modeli ikipatia wastani, bado haijapatia mvua ya Dodoma

Juzi nilikaa kwenye kikao hapa mjini, mtaalamu akatuonyesha mistari miwili iliyokaribiana: mvua iliyopimwa na mvua ya modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayokadiria mvua na joto, wastani wa mwaka kwa Dodoma. Akasema modeli hii inafaa, tuitumie kukadiria mavuno ya mtama na alizeti ya miaka ijayo. Ukumbi ukapiga makofi. Nilitoka nimeudhika, na mpaka leo sijapoa.

Huku tuna msimu mmoja. Mvua zikianza Desemba zikafika Aprili, tumepona. Kwa mwaka tunapata kama milimita 550 hadi 600, lakini anayelima anajua kwamba kinachotumaliza ni Februari. Msimu mmoja nilikuwa shambani kwa mama, Chamwino, mtama umefika magotini. Siku 18 hakukudondoka tone. Ikifika saa nne asubuhi majani yamejikunja kama vijiti. Mama akachimbua kwa ncha ya jembe, akaingiza kidole chote, kikatoka na vumbi. Machi ikashuka mvua ya siku mbili, yote ikaishia korongoni. Mwalimu wa shule ya jirani ana kipimamvua na daftari. Tulipojumlisha, milimita za msimu ule zilikuwa za kawaida kabisa. Ghalani hamkuwa na kitu.

Sasa wanaozitumia modeli hizi wanajua kasoro kubwa ya modeli zenyewe: nyingi hunyesha mara kwa mara mno, tena kidogo kidogo. Siku 20 za milimita 5 ni milimita 100. Mvua 2 za milimita 50 nazo ni 100. Kwenye wastani huwezi kuzitofautisha. Shambani ya kwanza inalea mtama, ya pili inabeba udongo. Tena modeli inaweza kuzidisha Desemba na kupunja Machi, makosa mawili yakafutana, mwaka ukaonekana sawa. Mkiiingiza mvua hiyo kwenye hesabu za mazao, mtama utastawi kwenye kompyuta. Na kurekebisha milimita zifanane na za vituo vya kupimia mvua hakutoshi, kwa sababu kama modeli haijui kukauka wiki tatu, kuzigawanya au kuzizidisha milimita zake hakutaipangia siku upya.

Kwa hiyo muiulize modeli maswali ya mkulima. Mvua ya kupandia inaanza lini? Ukavu mrefu kabisa katikati ya msimu ni siku ngapi? Mvua kubwa hushuka mara ngapi? Mwaka wa El Niño, maji ya Pasifiki yakipata joto, inautofautisha na wa La Niña, yakipoa? Bwawa la Farkwa, lililopangwa kulisha jiji maji, nalo litajazwa na mvua kubwa, si na wastani.

Nakubali, shingo upande, kwamba modeli nyingi zikiunganishwa hukosea kidogo kuliko moja. Lakini ukichukua wastani wa modeli kumi siku kwa siku, ukavu unafutika, maana haikosekani moja inayonyesha. Zile za CORDEX, mradi wa kimataifa wa modeli za kanda, zenye visanduku vya kilomita 50 na mpya za 25, ni afadhali kuliko za dunia nzima, ambazo kisanduku kimoja huweza kuwa na upande wa kilomita 100 na zaidi, kikameza mbuga za Bahi pamoja na vilima vinavyopakana nazo. Kwa joto ninaziamini zaidi. Vituo vya kupimia ni vichache, na hilo si kosa la mtaalamu yule.

Ila Kongwa, mkoani hapa Dodoma, ipo hapo kutukumbusha. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga. Mwaka 1951 wakauacha mradi. Udongo uliwakaukia ukawa kama saruji, na mvua haikufuata mipango yao. Wazee wa pale walikuwepo, wanaijua ardhi yao.

Kikao kijacho nitakwenda na daftari la mwalimu. Lina kurasa zilizochanika, na Novemba moja haikujazwa. Ukurasa wa Februari ile umejaa sifuri, moja chini ya nyingine, kwa kalamu ya bluu.