Kamati ya Sera ya Fedha ya Nyumbani Kwangu

Jamani, kusikiliza redio nako kuna gharama zake. Zamani nilikuwa mtu wa amani. Taarifa ya habari ikifika kwenye uchumi nanyanyuka zangu kwenda kunawa, narudi wakati wa michezo. Benki Kuu ilikuwa na mambo yake kule kwenye maghorofa pacha ya Mtaa wa Mirambo, inahesabu ujazi wa fedha, yaani wingi wa fedha kwenye uchumi, mimi huku Tabata nahesabu mafungu ya mchicha. Hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Januari 2024 wakabadilisha mtindo. Wakasema badala ya ujazi wa fedha sasa wanatumia riba, Riba ya Benki Kuu, na itatangazwa kila robo mwaka. Wakaanza na asilimia 5.5. Aprili wakapandisha ikawa 6. Gavana mwenyewe mbele ya kamera, Kiswahili kimenyooka, huna pa kujificha kwamba hukuelewa lugha. Na mimi kwa kiherehere changu nikaanza kufuatilia kama ligi kuu. Nikajua Kamati ya Sera ya Fedha, wale wanaopanga riba hiyo, inakaa lini. Nikajua ukwasi, yaani fedha mabenki yaliyonazo mkononi. Nikajua kwamba riba ikiwa 6, mabenki yakikopeshana kwa siku saba inatakiwa iwe kati ya 4 na 8. Kijiweni wakanibatiza Naibu Gavana. Kichwa kikavimba, sikatai.

Mkasa ulianza na neno moja la kule redioni: himilivu, yaani tulivu, lisiloyumba. Mfumuko wa bei unaendelea kuwa himilivu. Uchumi himilivu. Neno tamu, linateleza mdomoni kama bamia! Nikawa nalisema hata bafuni. Siku moja Mama Neema akanisimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Neema, Himilivu ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Maana juzi umemtaja usingizini."

Hapo nikaona bora nimweleze sera ya fedha, na ndipo nilipojichimbia kaburi. Nikamwambia, mama, Ofisi ya Taifa ya Takwimu imepima bei za bidhaa na huduma zaidi ya 300, na mpaka Juni 2025 zimepanda kwa asilimia 3.3 tu kwa mwaka. Benki Kuu inataka iwe kati ya 3 na 5, tumo ndani kabisa. Kwa hiyo, nikahitimisha kwa sauti ya Gavana, ile elfu kumi ya matumizi ninayoacha mezani kila asubuhi, kuanzia kesho nitaiongeza shilingi 330.

Hakujibu. Aliingia jikoni, akarudi na nyanya, akazipanga mezani moja moja. Tatu.

"Hili ni fungu la mia tano. Mwaka jana lilikuwa na nyanya ngapi?"

"Tano."

"Bei imepanda?"

"Bei ni ile ile."

"Nyanya mbili ziko wapi?"

Ndugu zangu, Benki Kuu ina wachumi wake wa utafiti, wanatoa mapitio ya uchumi kila mwezi, majedwali mpaka macho yanauma. Mimi nilikuwa nataka mmoja tu, hata wa mafunzo kwa vitendo, aje akae pale kwenye kochi anisaidie. Nikajikaza. Nikamwambia mfumuko kupungua si bei kushuka. Ni kama bodaboda akipunguza mwendo: hajarudi kijiweni, bado anakwenda mbele, ila taratibu.

Akaniangalia. "Sasa kama bado anakwenda, mbona unanipa nauli ya aliyesimama?"

Nikatoka nje kupunga upepo, nikakutana na mwenye nyumba. Mwalimu mstaafu yule, wa hisabati, bahati yangu hiyo. Kodi toka laki na ishirini anataka laki na nusu. Nikamwamkia vizuri, nikamtolea ile 3.3. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma kama nimefeli jaribio.

"Kijana, hiyo ni wastani. Wastani maana yake wako wa chini na wako wa juu. Mimi ni wa juu."

Julai Benki Kuu ikashusha riba ikawa 5.75. Nikasema Mungu si Athumani. Nina mkopo wa bajaji mimi, asilimia 17, benki fulani sitaitaja. Kesho yake asubuhi nimefika, gazeti kwapani, nikamwambia kijana wa mikopo nimekuja kupunguziwa. Kijana ana tai, ana adabu. "Mzee wangu, ile ya Benki Kuu ni kama bei ya jumla Kariakoo. Sisi ni duka la mtaani. Kariakoo ikishuka, Mangi hashushi leo, anasubiri mzigo wa zamani uishe." Nikamuuliza na mimi je? Akafungua kompyuta, akasoma, akaifunga taratibu. "Wewe, mzee, ndiyo mzigo wa zamani."

Na bado. Wiki hiyo hiyo napekua sanduku, nakuta kwenye mfuko wa koti langu la harusi noti tatu za elfu mbili, zile za zamani za simba, za kutunzwa ukumbini mwaka 2004. Elfu sita! Naziona zinanitazama. Nikazipiga pasi, nikazipeleka kwa Mangi. Mangi akaita watu waje waone. Kumbe zimeondolewa kwenye mzunguko. Kuzibadilisha kulianza tarehe 6 Januari 2025, kukaisha tarehe 5 Aprili, miezi mitatu mizima redio inatangaza. Sasa Naibu Gavana mzima nilikuwa wapi? Nilikuwa nasikiliza riba. Tangazo la noti likianza, nanyanyuka kunawa.

Jioni nikakuta televisheni imezimwa. Mama Neema amekaa mezani, kitenge kipya, mbele yake daftari la bei tangu mwaka jana: nyanya, mkaa, mafuta ya kula, kila kitu na tarehe yake. Neema, yuko kidato cha pili huyu, ameshika kalamu.

"Kamati imekaa," akasema mama yake. "Wajumbe wawili, kauli moja. Baada ya kupitia mwenendo wa soko, matumizi ya nyumbani yatakuwa elfu kumi na mbili na mia tano mpaka robo ijayo. Ni ongezeko la asilimia 25."

"Ishirini na tano mmeitoa wapi?"

"Kwa mwenye nyumba. Si umemkubalia?"

Nikanyoosha mkono niulize la pili. Neema hakuinua hata macho.

"Baba, maswali ni kwa waandishi wa habari tu."

Nikavuta sahani yangu. Juu ya ugali kulikuwa na dagaa tisa, nimewahesabu. Jumapili walikuwa kumi na tano, na sahani ni ile ile.